Kati ya cheti na mshahara wa kwanza: hotuba kwa wahitimu wa shule za programu

Wahitimu, wazazi na walezi mliofika, walimu na wenyeji wetu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie safari ya kazi ya kijana aliyejifunza programu nje ya chuo kikuu. Safari hiyo ni ndefu, nami nitakaa kwenye kipande kimoja tu: ile miezi baina ya cheti na mshahara wa kwanza. Wengi hukwama hapo, na hapo ndipo huwa wanapewa ushauri mwepesi kuliko mahali pengine. "Jitume." "Jenga marafiki." Anayeambiwa hivyo akiamka kesho yake hajui ashike lipi.

Kwa wazazi, maneno mawili kwanza. Najua wapo wanaojiuliza hii ni shule gani isiyo na mhadhiri wala digrii. Mtindo huu una historia. École 42 ilifunguliwa Paris mwaka 2013 kwa fedha za Xavier Niel: haina ada wala walimu wa darasani, mchujo wake wa kuingia ni wa wiki nne, na wanafunzi husahihishana kazi wenyewe kwa wenyewe. Nicolas Sadirac, mmoja wa walioianzisha, baadaye aliunda mfumo wa kufundishia wa 01Edu, na ndio unaotumika katika shule ya Zone01 Kisumu. Nairobi kulikuwa na AkiraChix tangu 2010, ikilenga wasichana, kisha Moringa School mwaka 2014. Kwa hiyo waajiri wa sekta hii hapa kwetu wameshawazoea wahitimu wa aina hii. Wasiowazoea ni serikali na idara za rasilimali watu za mabenki mengi, ambazo fomu zao za maombi bado zinadai digrii. Msipoteze miezi huko. Benki hiyohiyo hununua mifumo kwa kampuni ndogo za programu, na kampuni hizo haziulizi digrii. Zinauliza umejenga nini.

Sasa soko. Andela ilianza Lagos mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka uliofuata, ikiwachukua vijana, kuwafundisha huku inawalipa, kisha kuwakodisha kwa kampuni za Marekani. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi takriban wahandisi 400 wachanga katika Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walitaka wazoefu. Tangu Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikapandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, na mitaji iliyokuwa ikilisha kampuni changa za Nairobi ikakauka. Sendy, iliyokuwa kampuni kubwa ya usafirishaji mizigo, ilifunga shughuli mwaka huo wa 2023. Juu ya hayo zikaja zana za akili mnemba zinazoandika msimbo wa kawaida kwa sekunde chache, yaani zile kazi ndogondogo ambazo mwanagenzi alikuwa akipewa ili ajifunze nazo.

Hesabu ya mwajiri ni rahisi. Mtu mchanga humla mwandamizi saa kadhaa kila wiki kwa miezi ya mwanzo, na mwandamizi ndiye ghali. Anayekuajiri anajiuliza utaanza kumpunguzia mzigo lini. Yote nitakayosema leo yanajibu swali hilo moja.

Mlango wa kwanza, nao sioni ukisemwa shuleni, ni kazi isiyo na neno "msanidi programu" kwenye tangazo. Kampuni za malipo huajiri watu wa huduma ya kiufundi kwa wateja. Kuna kampuni zinazotunza mifumo ya SACCO. Kuna zinazofunga mifumo ya kuendeshea biashara kama Odoo au ERPNext kwa wauzaji wa jumla. Kuna miradi ya afya: Kenya ilianza kutumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, nchi nzima mwaka 2011, Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinaitumia, na kliniki nyingi za Kenya zinaendesha KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya mradi wa wazi wa OpenMRS. Na tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliki katika hesabu za kodi Kenya, basi kila duka lenye mfumo wake wa mauzo linahitaji kuunganishwa na mamlaka ya kodi, KRA. Hapo angalieni: kuunganisha wateja wengine kunafanywa na kampuni zilizoidhinishwa na KRA. Usiende kumwahidi mwenye supamaketi kwamba utamfanyia peke yako. Omba kazi kwenye kampuni zilizoidhinishwa.

Mtu wa huduma ya kiufundi anafanya nini kutwa? Mteja anapiga simu: "Nimelipa lakini mfumo wenu unasema sijalipa." Unachukua namba ya muamala, unaitafuta kwenye hifadhidata, unasoma logi za seva za dakika ile, unajaribu kuirudia hitilafu kwenye mazingira ya majaribio, kisha unamwandikia mhandisi taarifa. Taarifa nzuri ina namba ya muamala, saa kamili, kilichotarajiwa, kilichotokea na hatua za kukirudia. Anayeandika hivyo kwa miezi michache huanza kuongeza mstari wa mwisho: "Nadhani tatizo liko kwenye faili fulani." Baadaye anatuma marekebisho yenyewe. Kuhamia timu ya uhandisi kutoka hapo ni jambo la kawaida, na wanaohamia hivyo huwa wanaujua mfumo kuliko aliyeajiriwa moja kwa moja. Lakini usikae humo kimya ukingoja kuonwa. Kabla ya kusaini, uliza kama watu wa huduma wanaruhusiwa kusoma msimbo. Jibu likiwa hapana, hiyo ni kazi ya simu tu.

Mlango wa pili ni mradi wako mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Sisi tunaosoma maombi ya kazi tunaona miradi ileile: programu ya hali ya hewa, orodha ya mambo ya kufanya, tovuti ya filamu. Haina ubaya, ila haionyeshi kitu, kwa sababu hakuna anayeitegemea. Afadhali mradi mmoja wenye fedha ndani yake. Tuchukue mfano ulio karibu: kupokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, ile API ya Safaricom, yaani njia ya programu yako kuzungumza na mfumo wao. Mfumo wa michango ya chama unatosha, au wa karo ya shule ndogo ya chekechea.

Hatua za mwanzo mnazijua. Unafungua akaunti, unapata funguo mbili, unazibadilisha kwa tokeni, yaani kibali cha muda, inayodumu sekunde 3599, yaani pungufu ya saa moja kwa sekunde moja. Namba ya biashara ya majaribio ni 174379. Nenosiri la ombi ni namba ya biashara, ufunguo wa siri uitwao passkey na muhuri wa wakati wenye tarakimu 14, vyote vikiunganishwa na kugeuzwa kwa base64, mtindo wa kuandika data kwa herufi za kawaida. Simu ya mteja inaletewa dirisha la kuweka PIN. Mafunzo mengi ya mtandaoni huishia hapo, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kosa la kwanza: ukituma ombi, Daraja hujibu papo hapo kwa ResponseCode 0. Wengi huandika "imelipwa" kwenye hifadhidata. Sifuri hiyo maana yake ombi limepokelewa, basi. Mteja hajaweka hata PIN. Habari ya malipo huja baadaye, kwenye anwani ya majibu uliyoitaja ndani ya ombi, ikiwa na ResultCode yake: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Anwani hiyo lazima iwe ya HTTPS na ifikike kutoka nje. Kompyuta yako haifikiki mpaka uipitishe kwenye ngrok, zana ya kuifungulia njia kutoka mtandaoni, au kitu kama hicho.

Kosa la pili: majibu yanaweza yasifike. Seva yako ilikuwa chini, mtandao ulikatika, lolote. Mteja fedha zimekatwa na wewe huna habari. Kwa hiyo malipo yawe na hali nne kwenye jedwali: yanasubiri, yamelipwa, yamekataliwa, hayajulikani. Kila baada ya dakika chache kazi ya nyuma iyachukue yanayosubiri kupita kiasi na kuyauliza Daraja kwa CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi. Kosa la tatu ni kinyume chake, majibu kufika mara mbili. Usipoweka sharti la upekee kwenye namba ya risiti, mwanachama mmoja ataonekana amechangia mara mbili, na mweka hazina wa chama atakupigia simu usiku. Kosa la nne: yeyote aliyeijua anwani yako ya majibu anaweza kutuma taarifa ya uongo kwamba amelipa. Kabla ya kuhesabu fedha, uliza Daraja tena.

Kisha kuna madogo yanayosumbua. Watu huandika simu kama 07, 01, +254 na hata kwa nafasi katikati. Daraja inataka 254 ikifuatwa na tarakimu tisa. Kiasi kiwe shilingi kamili. Ukitoka kwenye majaribio na mteja wako anatumia namba ya till badala ya paybill, namba ya biashara kwenye ombi inakuwa ile ya duka, na till yenyewe inakaa kwenye PartyB, sehemu ya mpokeaji. Kuzichanganya hizi mbili kumewakesha watu. Seva ikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, malipo ya saa nane usiku yataingia kwenye ripoti ya jana, maana sisi tuko saa tatu mbele.

Haya yote, ukiyaandika kwenye README, faili la maelezo ya mradi, kwa aya chache, pamoja na jinsi ya kuendesha mradi na kile ambacho bado hakijafanyika, yanampa mwajiri kitu cha kuuliza. Kuna watu huogopa kuandika kasoro za mradi wao. Ziandike. Anayezijua kasoro zake ndiye tunayemtaka.

Tahadhari tatu kuhusu mradi huo. Funguo za siri zisiingie GitHub, ile hifadhi ya msimbo mtandaoni, hata mara moja. Ukiziingiza kwa bahati mbaya, kuzifuta kwenye badiliko linalofuata hakusaidii kwa sababu historia ya Git inazitunza, kwa hiyo zibadilishe. Majina na namba za simu za wanachama halisi zisiwe kwenye data ya mfano, kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 nayo haimsamehe mwanafunzi. Tena ukiweka mradi kwenye huduma ya bure ya kuuendesha mtandaoni, soma masharti. Kwa mfano, kwenye mpango wa bure wa Render seva hulala baada ya dakika 15 bila mgeni, kuamka kwake huchukua kama dakika nzima, na hifadhidata yake ya bure ya Postgres hukoma baada ya siku 30. Mwajiri hufungua kiungo chako kwenye simu akiwa foleni ya chakula. Hangoji dakika.

Njia nyingine ya kupata ushahidi ni kuchangia miradi ya wazi, ile ambayo yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kupendekeza marekebisho. OpenMRS inapokea wachangiaji wapya na ina orodha ya kazi za kuanzia. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wachangiaji wapya, tangu 2022 haidai uwe mwanafunzi wa chuo. Outreachy, mpango wa mafunzo ya kazi kwenye miradi hiyo, imekuwa ikilipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, ila hapo mchujo ni mchango wenyewe: unapokubaliwa ombi la awali, unapewa muda wa kutuma marekebisho kwenye mradi, na aliyeanza siku ya kwanza humshinda aliyeanza wiki ya mwisho hata kama ni mdogo kwa ujuzi.

Kuhusu wasifu nitakuwa mfupi. Ukurasa mmoja. Juu kabisa miradi yenye viungo vinavyofunguka, kisha kazi zozote ulizowahi kufanya, hata ya duka la M-Pesa, maana umeshughulika na hesabu na wateja. Shule ya msingi haina nafasi hapo. Zile nyota tano za "JavaScript asilimia 90" zifuteni. Hakuna ajuaye asilimia 90 ya nini.

Usaili una sehemu mbili zinazowaangusha wahitimu wa shule hizi, nazo zinatokana na shule zenyewe. Waliopita kwenye mfumo wa kusahihishana wako vizuri sana kusoma msimbo wa mwenzao na kuutetea wao. Hilo chuo kikuu hakiwapi wengi. Lakini kwenye hifadhidata mara nyingi ni dhaifu. Swali la kawaida: una jedwali la wateja na la malipo, nionyeshe wateja ambao hawajawahi kulipa. Mtahiniwa anaandika JOIN ya kawaida, amri ya kuunganisha majedwali, ambayo inawaondoa hasa wale wanaotafutwa. Inatakiwa LEFT JOIN, inayobakiza wateja wote, kisha uchuje ambako kitambulisho cha malipo ni NULL, yaani hakuna thamani. Anayekimbilia NOT IN, yaani "asiyemo kwenye orodha", anaweza kupata orodha tupu, kwa sababu NULL moja ndani ya orodha ya ndani inaharibu ulinganisho wote. Fanyeni maswali ya namna hii kwenye hifadhidata halisi ya Postgres, kwenye data mliyoiharibu wenyewe kwa makusudi.

Ya pili ni akili mnemba. Hakuna anayekukataza kuitumia kazini. Kwenye usaili tunakupa msimbo ulioandikwa na mashine, unaonekana safi, una hitilafu moja, tunakuomba uitafute huku unaongea. Anayekaa kimya dakika kumi hatumpimi, hatujui anawaza nini. Jizoezeni na mwenzenu: mmoja anasoma mstari kwa mstari kwa sauti, mwingine anauliza "kwa nini?" kila mara. Na usaili wa mtandaoni uandaliwe kama mtu anayejua stima hukatika: betri imejaa, bando kwenye laini ya kampuni nyingine, namba ya simu ya msaili iko mkononi.

Namalizia na fedha, maana hapa vijana huumizwa wakiwa wanatabasamu.

Ofa mbili za Kenya, zote zinasema shilingi 60,000 kwa mwezi. Ya kwanza ni ajira. Kwa viwango vya 2025 unakatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 6, yaani 3,600. Bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani 1,650; tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 900. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye 53,850 zinazobaki, na baada ya nafuu ya 2,400 inafika kama 8,540. Mkononi unapata takriban 45,300, na mwajiri ameongeza NSSF na tozo ya nyumba upande wake.

Ya pili inakuita mshauri wa kujitegemea. Anakukata asilimia 5 tu, unapokea 57,000, unafurahi. Ile asilimia 5 ni malipo ya awali ya kodi. Mwaka ukiisha, kwenye 720,000 kodi yako kabla ya kutoa gharama ni kama 124,600 baada ya nafuu, umeshalipa 36,000, unadaiwa 88,600. Salio hilo linatakiwa kufikia mwisho wa Aprili, marejesho kufikia 30 Juni, na kwa kuwa deni la mwaka linapita 40,000, KRA inatarajia ulilipe kwa awamu ndani ya mwaka wenyewe. SHIF unajilipia. Likizo yenye malipo huna. Kwa hiyo kibarua cha namna hii kiwe na bei ya juu kuliko ajira, na kila mwezi tengeni sehemu ya kodi kwenye akaunti nyingine. Hifadhini risiti za intaneti na za kompyuta, ni gharama za kazi. Mteja akiwa wa nje, hakukati chochote, ila mapato bado ni ya kutangazwa. Wenzetu wa Tanzania nao hukatwa asilimia 5 ya zuio kwenye huduma, na TIN, namba ya mlipakodi, ni ya lazima kabla ya kuandika ankara.

Kwenye mkataba wa ajira tafuteni mambo haya. Muda wa majaribio: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaweka ukomo wa miezi sita, na kuongezewa ni kwa ridhaa yako, jumla isizidi mwaka. Umiliki wa kazi: kifungu kinachosema kila unachoandika, hata usiku nyumbani kwa kompyuta yako, ni mali ya kampuni, ombeni kipunguzwe kiwe kile unachoandika kwa ajili ya kampuni. Miradi yenu ya zamani iorodhesheni kwenye kiambatisho. Siku za malipo: kwa mshauri, "siku 30 baada ya ankara" maana yake kazi ya Januari, ukitoa ankara mwisho wa mwezi, inalipwa mwanzoni mwa Machi, na kodi ya nyumba haingoji. Ombeni sehemu ya malipo mapema au ankara kila baada ya wiki mbili. Wengi hukubali, hawakuwahi kuombwa tu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nimeacha muda wa maswali, na mwenye mkataba ambao bado hajausaini aje nao baadaye tuusome pamoja.